Salamu Nilizowapa Mbayuwayu

Ipo siku moja ya Agosti ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ingawa miaka ishirini na zaidi imepita. Nilikuwa Greenbelt, huku Amerika, nyumbani kwa Mzee Walter, nimesimama uani na simu sikioni, namdanganya mama yangu huku nacheka. Mama naye alikuwa anacheka. Mtu angetusikia angesema hawa wawili wanapendana kweli, na asingekosea.

Ngoja kwanza nikueleze nilifikaje kwenye ua huo, maana nyinyi vijana mnapenda kurukia mwisho. Nilikuja Amerika nikiwa na miaka ishirini na tisa, kutoka nyanda za Uasin Gishu nchini Kenya, kule kwenye mashamba ya ngano, ambako ukisimama mlangoni unaiona mvua ikinyesha kwa jirani wa tatu kabla haijakufikia. Kanisa zima lilinisindikiza kwa maombi. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani akasema, "Nesi wetu, enda urudi." Mimi sikuwa nesi. Nilikuwa nakuja kusomea unesi, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini ni nani angemkatiza mchungaji katikati ya maombi?

Basi nikafika, nikasoma, nikafanya mtihani wa leseni, nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapikia uji wao wa shayiri usio na ladha. Ni kazi ya heshima na naifanya mpaka leo. Wakati ule nilikuwa naionea haya. Mama alipopokea simu na kuniita "nesi wangu," nilikuwa naitika. Uongo wenyewe sikuutamka hata siku moja. Niliitika tu, na nikajiambia kuitika si dhambi.

Mmoja wa wazee hao, Mzee Walter, alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, mjane, umri wake umepita themanini. Kiswahili alijifunza ukubwani katika madarasa ya jioni, na alikizungumza taratibu, akiweka kila neno mahali pake kabla ya kuchukua jingine. Alikuwa hasemi "lete miwani" kama watu wengine. Alisema, "Nafula, ninaomba uniletee miwani yangu iliyoko mezani." Kiswahili changu cha Eldoret kilimtesa sana. Nikisema, "Niko tu fiti, mzee," aliitafuta sentensi hiyo kwenye vitabu vyote alivyosoma, asiipate, akaniuliza kama nimekula.

Tulielewana kwa sababu sisi wote wawili tulikuwa watu wa tambarare. Yeye alizaliwa Kansas, kwenye shamba la ngano la babu zake, nchi pana isiyo na kilima. Alisema Greenbelt ni pazuri ila miti yake imeziba mbingu, na mtu hajui hali ya hewa mpaka imnyeshee. Nilijua hasa anachosema. Nami nilikuwa nimekaa miaka mitano nikitafuta upeo wa macho nisiupate. Alinisimulia kwamba kila Machi, alipokuwa mtoto, korongo walipita juu ya shamba lao wakielekea kaskazini, wengi kiasi kwamba mama yake aliacha nguo kwenye beseni akatoka kuwatazama, mikono inadondosha povu. "Ninawasikia bado," aliniambia, "hasa asubuhi." Machozi yakamlengalenga, nami nikajifanya naokota kitu sakafuni.

Korongo hawapiti Greenbelt, kwa hiyo aliwapokea waliokuja. Uani alikuwa na kibanda kidogo cha mbao juu ya mlingoti, cha kuwekea ndege mbegu za alizeti, na kukijaza ilikuwa sehemu ya kazi yangu ya asubuhi. Kukiosha kwa maji ya moto kila Jumamosi pia, kwa sababu kikichafuka ndege huugua. Mwanzoni nilinung'unika. Nilikotoka, ndege wa kwenye ngano tunawafukuza kwa debe na kelele, na hapa eti natakiwa niwapikie! Lakini baada ya mwaka mmoja nilikuwa nawajua. Kadinali, ndege mwekundu mwenye kishungi, aliyekuja wa kwanza na kuondoka wa mwisho, kama mzee wa kanisa. Vile videge vya kijivu vyenye tumbo jeupe, vinavyoshuka na baridi mwezi wa kumi na kutoweka miti ikianza kuchanua. Na kindi, ambao hawakualikwa na hawakujali. Kibanda hicho ninacho hadi leo hapa Hyattsville, kwenye roshani, na mwenye nyumba amekwisha kuchoka kuniandikia barua.

Mbayuwayu hawali mbegu. Wao waliishi upande wa ziwa lililokuwa karibu, na ilipofika Agosti walijipanga kwenye waya wa umeme nyuma ya ua wetu, wakipiga kelele, wakijiandaa kuondoka. Nilipowaona mwaka wa kwanza, moyo ulinipasuka kwa hamu ya nyumbani. Hao ndio niliowaacha kwetu, mkia uleule wa panda, wakikimbizana juu ya zizi. Wakati huo nilikuwa nampigia mama simu saa nne asubuhi, kwake saa kumi na moja jioni, kwa zile kadi za simu za kukwaruza namba. Kaka yangu Kiprono, aliyepewa jina la kwa baba kama mimi nilivyopewa la kwa mama, ndiye aliyekuwa na simu na aliishi na mama. Nikamwambia mama ndege wake wako kwangu na watakuja kwake. Akafurahi sana. Basi mwaka wa pili nikarudia, na wa tatu, ikawa desturi yetu.

Agosti hiyo ninayokusimulia ilikuwa ya sita.

"Mum, wako hapa kwa waya, wanapanga safari. Nimewaambia wakufikishie salamu."

"Waambie wasichelewe kama mwaka jana."

"Mwezi wa kumi watakuwa hapo."

"Na wewe, nesi wangu?"

"Mimi ni mwaka ujao, Mum. Nimalize tu hii exam."

"Haya. Nitawawekea maji."

Alikuwa akiwawekea kweli, beseni zima kando ya zizi. Kila Oktoba alinipa ripoti: "Wamefika. Nawaona hapa juu. Maji yangu wameyakataa, wameshakuwa na madharau ya Amerika." Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu, kisha sauti ya yule mwanamke wa kwenye kadi inasema imebaki dakika moja, na kicheko kinaishia hapo.

Siku hiyo nilipokata simu, Mzee Walter alikuwa ameketi dirishani jikoni, dirisha wazi. Akaniita ndani.

"Nafula, mbayuwayu hawa hawaendi Kenya. Wanakwenda Amerika ya Kusini. Mbayuwayu wanaofika kwenu wanatoka Ulaya. Ni ndugu, lakini hawajawahi kuonana."

Nikacheka. "Ah, mzee, ni jokes tu. Tunapiga stori na mathe."

Yeye hakucheka. "Mzaha ni mzuri wakati watu wote wawili wanajua kwamba ni mzaha. Je, mama yako anajua?"

Nikageukia sinki, nikafungua maji.

"Na 'mwaka ujao'? Huo pia ni mzaha? Ninausikia kila Agosti. Masikio yangu bado ni mazima."

Mwanangu, nilikasirika. Nilikasirika vile mtu anavyokasirika akiguswa kwenye kidonda, nikamjibu jibu ambalo mtoto aliyelelewa hamjibu mzee. Nilimwambia, "Na wewe mbona hujaenda kuona korongo wako? Kansas ni hapa tu!"

Kindi mmoja alipanda mlingoti, akala mbegu, akashuka, hakuna aliyemfukuza.

"Mama yangu amezikwa huko," alisema mwishowe. "Sikwenda kumzika. Nilikuwa na shughuli. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka shughuli hiyo ilikuwa gani, na siikumbuki." Kisha akasema, "Sasa ninaomba chai."

Nilimpikia chai huku nalia, naye aliniacha nilie. Jioni hiyo niliomba likizo.

Mama sikumwambia. Nilimwambia Kiprono peke yake, na badala ya kushangilia akasema, "Kuja tu, dada. Kuja haraka." Nilidhani ameshikwa na furaha.

Nilifika mwisho wa Oktoba, wakati wa mavuno. Mashine ilikuwa inakata ngano upande wa pili wa barabara, na nyuma yake mbayuwayu walikuwa wakipiga mbizi kufuata wadudu. Upeo wa macho ulikuwa pale pale nilipouacha, na nilitamani kuukumbatia wote. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya zizi, beseni la maji miguuni. Nikasimama hatua kama kumi mbele yake, nikapunga mkono na kutabasamu kama mjinga, nikingoja apige kelele.

Aligeuza uso upande wangu. Akamuuliza kaka yangu, "Kiprono, ni nani huyo umemleta?"

Nilikuwa nimenenepa, ndiyo, na nywele nimekata, lakini mama gani asiyemjua mtoto wake akiwa hatua kumi tu? Nikamtazama Kiprono, naye akatazama chini. Hapo ndipo nilipojua.

Ilikuwa presha ya macho. Ilikuja polepole, na kwa zaidi ya miaka miwili mama alikuwa haoni chochote ila mwangaza wa mlango. Alimkataza Kiprono kuniambia, eti nesi asisumbuliwe kabla ya mtihani. Picha nilizotuma, zile alizosifu kwamba nimependeza na sweta nyekundu, Kiprono ndiye aliyemsimulia rangi. Baadaye daktari wa Eldoret alituambia kwamba kama angeanza matone mapema, yangemwokolea sehemu ya nuru ya macho yake. Matone, mwanangu! Mimi niliyekuwa nikimtilia Mzee Walter matone hayohayo kila asubuhi, tone moja kila jicho, bila kukosa hata siku moja. Nilikuwa nayalinda macho ya nani, na ya mama yangu nimemwachia nani?

Lakini hayo ya daktari yalikuja baadaye. Siku ile nilipiga magoti, nikampa uso wangu. Aliushika kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye nyusi, kwenye mashavu, kwenye hili kovu la kidevuni, na alipofika kwenye kovu akalitaja jina langu. Nikamwambia yote palepale, harakaharaka, kabla ujasiri haujaniishia. Kwamba si nesi, nimeanguka mara mbili. Kwamba naogesha wazee. Kwamba mbayuwayu wale hawajawahi kutoka kwangu, nilimdanganya.

"Hao wazee," akauliza, "unawaogesha vizuri?"

"Ndiyo, Mum."

"Basi." Akapangusa pua yangu kwa kanga yake, kama mtoto wa miaka minne. "Na hawa ndege, Nafula, walikuwa wakija hapa kabla sijakuzaa. Ulidhani nitaamini wameanza kutoka kwako?"

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza kila mwaka?"

"Ukianza habari za ndege, ulikuwa hukati simu."

Mama aliishi miaka saba baada ya hapo. Nilikwenda kila mwaka, mara nyingine kwa siku kumi tu. Mtihani niliuacha. Mzee Walter niliporudi aliniuliza jambo moja, "Alikuona?" Nikasema hapana. Akaniomba nikae, tukatazama uani mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mpaka leo nikiwa peke yangu hapa roshani, ninatamani kitu kidogo sana: mama anitazame mara moja nikiwa mtu mzima, aone nimefanana na nani. Hakuna ndege ya kunipeleka huko tena.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayesoma haya huku umesema utapiga simu Jumapili. Usingoje uwe mtu wa kujivunia ndipo uende nyumbani. Wazazi hawangoji cheti chako, wanakungoja wewe, na kuna mambo wanakuficha kama unavyowaficha. Kama karatasi zako hazijakaa sawa na huwezi kusafiri, sikulaumu, najua uchungu huo, lakini ukweli hauhitaji viza. Una simu yenye picha siku hizi, kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Mwambie mama asogee kwenye mwanga umtazame vizuri, macho, miguu, jinsi anavyoshika kikombe. Muulize mara ya pili, maana mara ya kwanza atasema yuko sawa. Akikuuliza unakuja lini, mwambie tarehe, au mwambie hujui. Huo "mwaka ujao" uache kabisa.

Nami nakuombea, mwanangu, popote ulipo, Manassas au Hyattsville au kwenye zamu yako ya asubuhi: Mungu akufikishe kwenu mapema. Uingie mlangoni mchana, bila kubisha hodi, na mama yako akuone kabla hujasema neno.