Lenzi Iliyodai Chumba Changu

Miye kazi yangu ni hina. Nimewapaka maharusi wa Ngamiani tangu mikono yangu haijaota mishipa, na wengine niliowapaka sasa wananiletea mabinti zao. Shule niliishia darasa la nne, basi mtu asitarajie niieleze kamera kama fundi. Nitaeleza nilichokiona. Na nilichokiona kilinifunga mdomo, jambo ambalo wanangu watakwambia si la kila siku.

Mpiga picha ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu. Anapiga picha za wanawake tu, na studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, mkono wa kushoto ukiingia. Bi harusi wa kwetu akishavua buibui hapigwi picha na mwanamume, kwa hiyo wanamfuata yeye, wa Usagara na wa Pongwe. Napaka mimi, anapiga yeye. Najivunia mtoto huyu mpaka majirani wakiniona na simu mkononi wanabadili njia, wanajua nitawaonyesha picha zake.

Sasa ikatufika aibu. Alikuja bi harusi mmoja, nikampaka hina na piko, ile rangi nyeusi, maua yakapanda kutoka nyayo mpaka chini ya magoti. Akakaa mkekani, akanyoosha miguu mbele kama desturi ili hina ionekane. Chumba chenyewe kidogo. Mjukuu wangu akabana mgongo ukutani, akatumia lenzi ya kuazima, ya kupanua, ili bi harusi aingie mzima. Picha zilipotoka, shangazi wa bi harusi akaishika moja, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akauliza mbele ya wanawake wote waliojaa ukumbini mwangu:

"Huyu bata wa nani? Bi harusi wangu mmempeleka wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na alisema kweli. Nyayo zilikuwa kama masinia mawili, na huko nyuma kabisa kichwa kama limau. Msichana alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Mjukuu wangu aliomba radhi, akazima taa zake, na siku zilizofuata akawa anachezea chakula tu. Mji wetu huu neno la harusini halilali, linafika harusi nyingine kabla ya pilau kuiva. Na tulikuwa na bi harusi mwingine Jumamosi. Naye akitoka bata, studio tungeifunga. Hilo alilijua yeye, nililijua na mimi.

Muuza kamera mmoja wa mjini akampa lenzi mbili azijaribu, achague moja, nyingine airudishe Alhamisi.

Akaziweka mkekani mbele yangu. Moja nene, nzito kama mchi, shingo yake inazunguka. Ukiizungusha inamvuta mtu karibu au inampeleka mbali, na weye hujainua hata unyayo. Ya pili fupi, tumbo lote kioo, haivuti wala haisukumi. Inaona kwa upana mmoja tu, maisha yake yote. Ukitaka mtu awe mkubwa unamsogelea, ukitaka aingie mzima unarudi nyuma kwa miguu yako.

"Chukua inayovuta," nikamwambia. "Hiyo nyingine kilema."

"Bibi weye!"

"Si kilema? Inajua jambo moja tu."

"Hilo moja inalijua hasa. Hebu kaa mkekani, nyoosha miguu."

Nikakaa. Kunyoosha miguu naweza, kuikunja ndiyo kesi nyingine. Nyayo zangu zilikuwa na hina, ile ya wazee isiyo na maua, binti yangu hunikandika mguu mzima. Mjukuu wangu akasimama karibu, akaipanua ile inayovuta, akapiga. Akanionyesha. Bata yule yule, ila huyu kazeeka.

"Sasa tulia hapohapo," akasema.

Akatoka mlangoni, akavuka ukumbi, akaingia chumbani kwangu. Chumba changu na studio vinatazamana, mlango kwa mlango, na mapazia alikuwa keshayafunga juu. Namwona huyoo, anapanda kitandani kwangu na kamera yake, kichwa kimeingia kwenye chandarua.

"We mtoto! Shuka!"

"Usicheke Bibi, nakupiga."

"Nani anacheka? Shuka kitandani kwangu!"

Akapiga kwa lenzi inayovuta, kaivuta mpaka mwisho. Akabadilisha, akapiga kwa ile nyingine. Kisha akaja akanipangia picha kwenye kompyuta, ile ya karibu na hizi mbili za mbali.

Zile za mbali, miguu ilikuwa miguu na mimi nilikuwa mimi. Nikazitazama kwa zamu. Nilidhani basi ile inayovuta ndiyo iliyotutia aibuni, kumbe nayo ikipelekwa mbali inasema kweli.

"Kioo hakina kosa," akasema. "Kosa ni pale nilipokuwa nimesimama. Nikiwa karibu, nyayo zako ziko puani mwangu, uso wako uko nyuma. Nikienda kule, nyayo na uso vinakuwa mbali karibu sawasawa, basi hakuna kinachomzidi mwenzake."

Subhanallah. Mtu anavuka ukumbi tu na miguu ya watu inarudi kipimo alichowapa Mola. Nilikaa nikiwaza ni watu wangapi nimewaona wabaya kwa sababu nilisimama karibu mno.

"Basi si uchukue inayovuta," nikasema, "maana inafanya yote."

"Kila mtu ananiambia hivyo. Lakini najijua, Bibi. Siku bi harusi kachelewa, shangazi zake wananipigia kelele, nitabaki palepale nizungushe shingo ya lenzi, nitoe bata mwingine. Hii haitanipa nafasi hiyo. Humu chumbani itanipa uso tu, na uso inaupiga vizuri, ukuta wote wa nyuma unayeyuka kama samli. Nikimtaka mtu mzima, itanilazimisha niende kule."

Akatazama ng'ambo, chumbani kwangu. Nami nikajua kinachokuja.

"Kule kuna kitanda changu," nikasema.

"Kimejaza chumba. Na juu ya godoro siwezi kufanya kazi, nayumba."

"Hakitoki. Mama yako nimemzalia humo. Babu yako kafia humo. Hakitoki."

"Haya, Bibi. Nitachukua inayovuta."

Hakununa. Alianza kuifunga ile fupi kwenye kitambaa chake taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto wa wenyewe kabla ya kumrudisha. Mimi nikageukia kompyuta ili nisimtazame. Picha yangu ilikuwa bado ipo, ya lenzi isiyovuta.

"Zikuze hizo nyayo," nikamwambia.

Akazikuza mpaka zikajaa kioo chote. Magoti yangu yalikataa kukunjika zamani, mwenzenu nyayo zangu nilikuwa sijaziona miaka. Za watu nazijua, nimezishika mapajani mwangu moja moja. Zangu nilikuwa nazikanyagia tu. Sasa hizo hapo. Hina imeingia kwenye nyufa za visigino ikawa nyeusi, imetandaa katikati nyekundu kama udongo wa Pongwe mvua ikishanyesha. Kila ufa una matawi, kila tawi lina vijitawi. Ungeniambia kuna mtu alikaa akanichora kwa sindano ningekubali. Nimechora maua maisha yangu yote na sijawahi kuchora kitu kama kile. Machozi yalinitoka, nikayaacha.

"Bibi, unaumwa?"

"Kamwite mjomba wako aje atoe mifumbati."

"Mifumbati ya nini?"

"Ya kitanda! Kipelekwe chumba cha uani. Na hiyo lenzi ifungue, utaiziba pumzi."

Mwanangu alikifungua kitanda kipande kwa kipande akilalamika, na Jumamosi tukamfungia yeye na wanaume wote uani, mlango wa mbele nikaukalia mwenyewe.

Bi harusi aliingia na hofu. Alikuwa keshasikia habari za bata, nani hajazisikia? Akakaa mkekani, miguu mbele, mabega juu, anaitafuta kamera. Kamera haipo. Mjukuu wangu yuko ng'ambo ya ukumbi, chumbani kwangu, kimya. Kapunguza tundu la lenzi ili uso na nyayo vyote vionekane wazi, kaongeza taa. Anangoja tu.

Msichana akangoja naye, akachoka kungoja. Mabega yakashuka. Akainamia miguu yake, akatikisa vidole, akaitazama hina yake kama mtu aliyeletewa zawadi na hakuna anayemwona, akatabasamu peke yake. Nikasikia kamera.

Mama yake aliletewa picha palepale kwenye kompyuta. Akaitazama tangu nyayo mpaka uso, mjukuu wangu kashika ukingo wa mlango. Yule mama akanyoosha kidole, hakugusa kioo.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye ninayemtoa leo."