Turubai la Bibi Uwanjani

Ndege ikipita juu ya mabati yetu hapa Vingunguti, jirani na uwanja wa ndege, mimi hunyamaza katikati ya sentensi. Wanangu hucheka. "Mama amezimika," husema, wakingoja mlio upite niwake tena. Wacheke tu. Hawakuuona mji wa mahema, wala sijawahi kuwasimulia haya ninayokusimulia wewe.

Nilikulia Ngara, jirani na kambi ya Lukole, miaka ile ya wakimbizi wa Burundi. Kilima tulichokuwa tukiokotea kuni kiligeuka mji kabla hatujavuna: hema kwa hema, kamba zimepishana, moshi wa mafiga kila mlango. Ndege ya misaada ilipopita chini chini kuelekea uwanja wa changarawe, mwalimu wetu aliacha chaki hewani. "Siku ndege ikianguka kwenye mahema yale," alisema, "moto utawahi kuliko miguu." Tangu hapo sikuweza kutulia.

Uwanja wenyewe, lakini, tuliupenda. Kwetu ni milima mitupu, na hapo palikuwa tambarare na pakavu, basi bibi yangu na akina mama wenzake wakapafanya pa kuanikia maharage. Mlinzi akipuliza filimbi, kila mtu anakunja alichoanikia na kukimbia. Ndege ikiondoka, tunatandaza tena. Bibi alikuwa na turubai la buluu alilolipata kambini kwa mkungu wa ndizi. Kazi ya kulikunja ilikuwa yangu.

Siku moja rafiki yangu wa kambini alinifuata turuke kamba. Kirundi chake na Kihangaza changu vilielewana bila mkalimani. Tulienda nyuma ya migomba, tukaruka tukihesabu kwa sauti, na filimbi sikuisikia.

Nilisikia ndege, tukatoka mbio migombani. Magurudumu yalikaribia kugusa ardhi, na turubai letu lilikuwa katikati ya njia. Ikanguruma, ikainuka ghafla, bawa moja limelala, ikaelekea moja kwa moja juu ya mahema. Rafiki yangu aliangusha kamba.

"Mama yuko kule," alisema. "Na mtoto."

Alinikamata mkono hadi kucha zikaingia. Sikumwomba hata Mungu. Niliogopa Yeye asije akaniuliza turubai lile ni la nani.

Ndege ilizunguka, ikarudi, ikatua salama. Mlinzi alikuwa ameshaliburuta turubai pembeni na maharage yametapakaa kwenye changarawe. Bibi hakunichapa. Aliyaokota punje kwa punje, akayapika jioni, na aliponiona naisogeza sahani akasema tu, "Kula. Maharage hayana kosa."

Kesho yake rafiki yangu alikuja mbio na biskuti ngumu ya msaada, kutoka ndege ileile. Aliivunja kwa meno, akanipa kipande kikubwa. Alama za kucha zake zilikuwa bado mkononi mwangu. Nikala, bila kumwambia turubai lilikuwa la nani.

Mwaka juzi nilirudi. Bibi hayupo, uwanja umeota majani na mbuzi wanayala, na pale kilimani huwezi kumwonyesha mtu kwamba palikuwa na mji. Rafiki yangu alirudishwa kwao Burundi, upande gani sijui. Mara nyingi nimeipangia maneno ile habari ya turubai, nimwambie nikimpata. Hapa Vingunguti ndege ikishatua, namalizia sentensi niliyoikata. Ile ya kumwambia rafiki yangu bado iko mdomoni.