Dawa ya Viatu Kwenye Mpini wa Upanga

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kambini viatu mkononi, maana ngoma yetu ya razha huchezwa miguu mitupu, na mie n'lidhani hata getini unapita hivyo hivyo. Askari wa mlangoni akanitizama miguu, akautizama upanga niliouviringisha kwenye gazeti, akaniuliza nauza nini.

Hapo ni Maskati, miaka ya tisini, nami nna miaka ishirini na kitu, skuli nimeishia ya msingi huko Unguja. Nyinyi vijana mnaoiona razha kwenye simu mnadhani ni wanaume wanarukaruka tu. Razha ni ngoma ya vita. Mistari miwili inaelekeana, mashairi yanajibizana, na wenye panga wanasimama katikati. Upanga wetu mrefu, mwembamba, unapinda. Unautikisa mpaka uvume, halafu unaurusha juu uzunguke, na ukishuka unaudaka mpini. Ukikosea unadaka upande wa pili. Ami yangu ndiye aliyenifunza, naye alikuwa na vidole vinane na nusu. Hakunieleza kwa nini, na mie sikuuliza.

Kapteni wa kambi akaniita ofisini. "Utaweza kuwafunza askari arobaini kabla ya sherehe?"

"Naweza, sidi."

"Na mtu akiumia?"

"Mie nitakuwa nshakimbia, sidi."

Hakucheka. "Tutakukamata," akasema. Khofu iliyoniingia pale ilikaa nami kazi nzima.

Mafunzo yalikwenda kwa hatua. Kwanza fimbo, halafu panga butu, mwisho panga zenyewe. Mpini umevishwa ngozi, na ngozi ile haisafishwi. Jasho na vumbi viache vikae, maana uchafu ndio unaoshika mkono. Hayo niliyasema siku moja tu, katikati ya mzaha mwingine, na ndilo kosa langu. Mie nilikuwa mtu wa kutania. Askari mmoja, Khalfan, mama yake wa Unguja kama mie, nilikuwa nikizungumza naye Kiswahili. Kila akirusha namwambia, "Khalfan, sikio limekwenda hilo." Anajishika sikio, wenzake wanaanguka kwa kicheko.

Msimamizi wetu alikuwa Sajini Meja, mtu mwema, lakini anapenda kitu king'are. Ungemwachia mbuzi angempiga brashi.

Siku ya sherehe tulipanga mistari kiwanjani, jua kali. Wageni wamekaa kwenye viti, na ule upande wa mwisho wanawake na watoto wamekaa mikekani, karibu mno. Nikauchukua upanga wa askari mmoja niutazame. Ukaniteleza mkononi kama samaki. Nikanusa kiganja. Dawa ya viatu, tena imeanza kuyeyuka.

"Sajini Meja, nani kapaka hii?"

"Mimi nimewaamuru. Tangu alfajiri wanasugua, panga zote. Umeona zinavyong'ara?"

"Zinateleza. Wasirushe."

"Mwalimu, mzaha uweke mpaka tumalize."

"Wallahi sitanii."

"Hivyo ndivyo unavyoanza siku zote."

Ngoma ikapigwa. Mie si askari, sina amri ya kusimamisha kitu. Nikakunja kanzu, nikajaza mchanga, nikapita kwenye mstari nikimwaga viganjani na kwenye mipini. "Sugua. Sugua usiulize." Wengine wanacheka wakidhani ni kichekesho changu kipya. Mmoja akajifuta mchanga wote kwenye kanzu yake, hataki kuonekana mchafu mbele ya wageni. Sikupata hata nafasi ya kumrudia.

Mchanga uliniishia nilipomfikia Khalfan, yeye hakupata. Yeye ndiye wa mwisho mstarini, mikeka ipo nyuma yake. Mtoto mmoja pale alikuwa anakula biskuti, hana habari na dunia. Mshairi akapandisha sauti, na hiyo ndiyo ishara ya kurusha.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Khalfan, usirushe."

Akatabasamu. Akajishika sikio.

Panga zikaenda juu, zinameta. Sikuzitizama. Zikashuka, viganja vikalia, halafu nikasikia mvumo. Upanga wa yule aliyejifuta ulikuwa umechomeka chini, unatetemeka, shibri moja kutoka vidole vya mguu wake. Nikageuka kwa Khalfan. Wake ulikuwa bado mkononi, kaukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Baada ya sherehe Kapteni alimsimamisha Khalfan mbele ya wote. "Umeogopa mbele ya wageni. Unatoka kwenye kikosi hiki leo. Au kuna aliyekuamuru?"

Khalfan akasimama wima, macho mbele. Sajini Meja akanyoosha mkanda wake. Na mie, nakwambieni kweli, nilitizama geti liko wapi.

"Mie, sidi," nikasema. Nikauchukua upanga wa Khalfan nikampa Kapteni. "Utikise, sidi."

Akautikisa, ukamponyoka, akauwahi kwa mkono wa pili. Akafungua kiganja, cheusi. Akamtizama Sajini Meja, na Sajini Meja akatizama viatu vyake.

"Khalas," Kapteni akasema. "Kila mtu arudi mahali pake."

Baadaye nikapelekwa kambi ya Quriyat, nikarudi Maskati chini ya kapteni mwengine, kisha wa tatu. Wote niliwaambia habari ya mpini kabla ya salamu kumalizika. Nilistaafu vidole vyangu vyote vipo, na hata kisu cha jikoni nakipangusa mpini kwanza. Mke wangu kashachoka kunicheka.

Juzi juzi nilikutana na Khalfan mtaa wa Hamriya, tukanywa chai. Naye kastaafu, kanenepa. Nikamuuliza jambo lililonikera miaka yote: alijuaje kwamba siku ile sitanii?

"Mwalimu," akasema, "wewe ukitania unasubiri nicheke. Siku ile nilijishika sikio, nikakutizama, wala hukunisubiri. Ulikuwa unamtizama yule mtoto wa biskuti."