Jina la Mzee Kwanza

Siku hizi wakimtaja Nerima hapa Malaba wanasema alikuwa mwizi. Waongo wakubwa! Mimi nilikuwa meza ya pili nikigonga mihuri, na niliona yote.

Aliacha kufundisha Angurai akaja kuwa karani katika ofisi yetu ya kupitisha mizigo mpakani. Mwaka wa 1998 kompyuta yetu ya Linux ilikataa kuwaka. Mzee Oyugi, mwenye ofisi, akamwambia Nerima, aliyejua kompyuta kutuzidi, mbele yetu sote, "Mpaka Ijumaa kila karani aingie kwa kompyuta kwa jina lake kama zamani. Ukishindwa, rudi kwenu."

Nerima aliiwasha kwa disketi, kisha kwa amri ya chroot akaingia ndani ya mfumo wetu mbovu, kama mtu anayepitia dirishani kwa sababu mlango umekwama. Humo alikuwa root, mkubwa wa wote. Lakini kila alipoandika su ahamie jina la karani, mashine ilijibu kwamba haioni terminali, yaani skrini na kibodi vya kuzungumza nayo. Alibadilisha nywila, akabadilisha tena. Siku mbili zikaenda bure. Malori yamepanga foleni, Mzee anamtukana, na Protus, mpwa wa Mzee, anacheka huku akila njugu.

Alhamisi mchana akagundua: folda ya dev, mnamokaa majina ya vifaa, ilikuwa tupu humo ndani. Skrini na kibodi vilikuwa mezani, ila mfumo haukuwa na habari navyo. Akaviandikisha kimoja kimoja kwa amri ya mknod. su ikakubali. Nerima akapiga kigelegele.

"Mzee, kuja uone!"

Kwetu mkubwa ndiye hutangulia, hata kunawa mikono. Basi kwa heshima akaanza na jina la Mzee. Akaandika su oyugi, kisha whoami, yaani "mimi ni nani?" Skrini ikajibu: oyugi.

Mzee alikodoa macho. "Password yangu umetoa wapi?"

"Root haiulizwi password, Mzee. Inaweza kuwa mtu yeyote."

"Kwa hivyo unaweza kusign mizigo kama mimi?"

"Naweza, lakini..."

Neno hilo likamponza. Nilijua ni kazi ya kawaida ya fundi. Nilinyamaza, nami nina watoto. Naona aibu hadi leo.

"Mwizi wewe! Unatoka leo," Mzee akasema. "Lakini kwanza andikia Protus hizo command zote kwa karatasi."

Nerima akaandika, machozi yakimdondoka, kwa mwandiko safi. Chini ya neno mknod akapiga mstari, akamwita Protus karibu.

"Hapa ndio utakwama, kaka. Usiruke."