Fundi Aliyekwenda Kuuliza Habari za Mtoto

Nyie wa "punguza kula", mnanichosha. Fundi cherehani wa mtaani kwetu ni mnene na anajua, kioo anacho. Akikupima kiuno, namba anaiandika kimyakimya huku anakuchekesha. Majuzi nilimsindikiza kliniki. Nesi akapaza sauti, benchi zima likasikia: "Kilo mia na nane!" Fundi akaitika, "Abee!" kama vile kaitwa jina. Tukacheka wote. Lakini mbele ya daktari, vidole vyake vilikuwa vinasokota mkanda wa mkoba.
"Dokta, uzito nimeshausikia. Mimi na mume wangu tunataka mtoto. Nianzie wapi?"
Daktari hata hakuinua kichwa. "Pungua kwanza, ndipo urudi."
Jumatatu anakwenda kliniki nyingine. Daktari unayenisoma, akiingia kwako, mjibu alichouliza.