Mama Vikopo, mpokea choo wa mji mzima aliyekwama kwa baba mkwe

Dirisha la maabara halijafunguka vizuri, tayari mwanamume mmoja aliyevaa tai amesimama mbele yake, ameshika mfuko wa zawadi wenye maua na utepe. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anausukuma ndani kama mtu anayeuza mali ya wizi.

"Nimetumwa tu," anasema. "Ni cha rafiki yangu."

"Msalimie sana rafiki yako," anajibu mama aliye ndani, uso mkavu. "Choo hiki amekitoa asubuhi hii au jana? Na mwezi huu ametumia antibayotiki yoyote?"

"Asubuhi hii. Na dawa nimetumia. Yaani, ametumia."

"Ahsante, kaka. Mwambie asione haya. Hata mimi huwa naenda."

Mwanamume anaangua kicheko, anaondoka akiwa mwepesi. Ndani ya mfuko, chini ya karatasi za rangi, kuna kikopo chenye kifuniko cha buluu.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa mwaka wa tisa sasa: kupokea sampuli za choo katika maabara inayochunguza bakteria wa tumboni. Mtaani wamembandika jina la Mama Vikopo, naye hana kinyongo nalo. Wateja wake ni wenye gesi isiyoisha, wanaofunga choo wiki nzima, na wale wasiothubutu kukaa mbali na msala.

"Tumboni mwako kuna mtaa mzima," huwaeleza, huku akibandika lebo. "Wapo wakazi wema wanaosaidia kusaga chakula, na wapo wakorofi. Wema wakiwa wengi, wakorofi wananyamaza. Ukimeza antibayotiki ovyo, unawafukuza wema, wakorofi wanabaki na funguo."

Mara moja huongeza kwamba kipimo si ramli. Hakijibu kila swali, bali humpa daktari pa kuanzia.

Mdomo huo mwepesi, ambao umewalegeza hata maofisa wenye walinzi, uliwahi kumwishia nyumbani kwake mwenyewe.

Baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu na mjane, anaishi naye, na mapenzi yao si ya kuombea maji. "Nilipoolewa sikuwa na cheti chochote," anasema Mama Vikopo. "Yeye ndiye aliyemwambia mwanawe, 'Mkeo akasome.' Mimi nikiwa darasani, yeye anashona huku mwanangu amelala juu ya vitambaa, miguuni pake. Mzazi gani mwingine angenifanyia hivyo?"

Mwaka jana mzee alianza kuharisha. Hakumwambia mtu. Kila tumbo liliposokota, alijipeleka duka la dawa kununua antibayotiki zilezile, na kila alipozimaliza, hali ilizidi kuwa mbaya. Familia iligundua kwa sababu ya suruali: fundi alikuwa akizipunguza kiuno mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Walipomlazimisha kupanda mizani, alikuwa amepungua kilo kumi na nne.

Kisha akamwita mjukuu wake, akamkabidhi mkasi wake wa kazi, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mama Vikopo alipouona mkononi mwa mtoto, alikwenda jikoni akalia.

Daktari aliagiza choo kipimwe. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mkwe na baba mkwe hawazungumzii choo, sembuse kupeana. Mume akawa mjumbe: akapeleka kikopo chumbani, akakirudisha, akakifikisha dirishani kwa mkewe kikiwa kimefungwa kama yai.

Majibu yakatoka matupu. "Dada, humu hakuna kitu kilicho hai," mtaalamu wa maabara alimwambia. "Hata bakteria wa kawaida hawamo. Kuna kitu kimewaua."

Mama Vikopo alikifungua kile kikopo, akanusa, akaijua harufu. Ilikuwa dawa ya kusafishia choo, ileile anayoinunua mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake. Mzee alikuwa ameimimina ndani ili mkwewe asipate harufu mbaya.

"Niliumia na nilicheka kwa pamoja," anasema. "Mtu anakufa, bado ananistahi! Lakini mtaalamu hakukata tamaa. Akaniambia, 'Lete kingine, dada, bado hatujachelewa.' Namshukuru mpaka leo."

Kuleta kingine kulimaanisha kumweleza mzee, na mume alikuwa amesafiri kikazi. Jioni hiyo Mama Vikopo aliweka kigoda nje ya mlango wa baba mkwe wake, akaketi akiupa mlango mgongo ili macho yao yasikutane, akazungumza akitazama ukuta.

"Baba, leo hazungumzi mkweo. Anazungumza Mama Vikopo wa dirishani."

Akakisogeza kigoda karibu zaidi na mlango, akaendelea.

"Huko kazini napokea vya watu wazito, na hakuna aliyewahi kupungukiwa heshima. Dawa uliyotia imeua kila kitu, hata yule bakteria tunayemtafuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami sitaki kukuzika, baba. Sitaki kabisa."

Kisha sauti ikatoka ndani, ya chini lakini iliyonyooka: "Mama Vikopo, kikopo kingine kipo?"

Kikopo cha pili kilisema kweli. Wakazi wema walikuwa wamepukutika kwa dawa za kila mara, na bakteria mmoja mkorofi alikuwa ametamalaki. Daktari alipiga marufuku antibayotiki za kujinunulia, akaandika moja tu ya kumlenga huyo, akapanga na chakula cha kuwarudisha wema taratibu. Ilichukua miezi. Leo mzee anakula mezani na wenzake, na suruali zote amezifumua tena viuno.

"Kila nikimsikia anagombana na mjukuu, namshukuru Mungu," anasema Mama Vikopo. "Kelele zake ni tamu, we acha tu."

Sasa ana mpango. Jumamosi hii ataanza kuzungumza na vyama vya wastaafu kuhusu tumbo na hatari ya kujinunulia dawa, akianzia kwenye chama cha baba mkwe wake. Alikuwa na hofu kwamba wazee wale wataona haya kumsikiliza mwanamke wa umri wa binti zao. Mzee akamwambia akae kando kwanza, yeye ndiye atakayesimama mbele na kusimulia habari za choo chake mwenyewe.

"Nilimuuliza, 'Baba, utaweza?'" anasema, akifuta macho kwa kiwiko, maana glavu bado ziko mkononi. "Akanijibu, 'Mwanangu, nilikuwa radhi kufa kwa kukuonea haya wewe. Hao wazee wenzangu niwaonee haya ya nini?'"