Kalamu ya Kifuani

Mtu akitaka kalamu nzuri ya kutembea nayo, asianze na wino. Aanze na kishikio, kile kijino cha kifuniko kinachouma mfuko wa shati. Kikiwa legelege, kalamu itachopoka siku ya kwanza utakapoinama kusukuma mtumbwi, na ziwa halirudishi. Kisha atazame mwili. Ule unaoonyesha ndani ni bora kuliko wa rangi, maana unaona wino umefika wapi na mwuzaji hawezi kukudanganya. Mwisho ndipo ajaribu ncha, tena si kwenye karatasi ya mwuzaji, ambayo imezoea kukubali kila kitu. Ajaribu kwenye kiganja chake mwenyewe, kikiwa na jasho. Kalamu inayoandika juu ya jasho haitamwaibisha.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha watu katika soko la Baraka, mji wa kando ya ziwa, wakati wa vita, na walinisikiliza. Akina mama waliowanunulia watoto stilo, yaani kalamu, za shule waliniita niwachagulie. Nilizitikisa, nikaziinua kwenye mwanga wa jua, nikajichora mistari ya kujipinda kiganjani, nikasema hii chukua, hii acha. Maneno nilikuwa nayo mengi. Kitu kimoja tu sikuwa nacho: sikujua kuandika.

Nikisema sikujua, sina maana kwamba niliandika vibaya. Sikujua kabisa. Nilikaa shuleni muda wa kutosha kuchapwa kwa kuchelewa, kisha baba, mvuvi wa Ubwari, akanitoa nikavute nyavu. Simlaumu, samaki hawangoji kengele. Nilipokua niliacha nyavu nikawa mchuuzi wa ndagala, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani. Nilizinunua Ubwari nikazipeleka Baraka, na mara nyingine Kazimia. Ili gunia zangu zisichanganyike na za wengine ndani ya boti, niliziwekea alama kwa mkaa: mistari miwili iliyolala, na ndoano chini yake. Kila mchuuzi alikuwa na yake. Wapakiaji wote wa pwani yetu, na wavuvi mpaka ng'ambo ya ziwa, Kigoma, waliijua ndoano yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote.

Kalamu niliianza kwa woga. Barabara ya kutoka Baraka kwenda Fizi ilikuwa na vizuizi, leo vya hawa, kesho vya wale, na wote walikuwa na ugonjwa mmoja: mizigo. Kijana mwenye mabega akifika pale alibebeshwa masanduku mpaka milimani, na si wote walioteremka. Siku moja mbele yangu palikuwa na mtu mwembamba, shati limechakaa, kalamu kifuani. Mwenye bunduki alimtazama akasema, "We mwalimu, pita." Aliyefuata ni mimi, nami nilibebeshwa mpaka ngozi ya shingo ikatoka. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichonunua, kabla hata ya sabuni, ilikuwa kalamu.

Ilifanya kazi. "Mwalimu, pita," waliniambia, nami nikapita, kichwa nimekiinamisha kidogo kama mtu mwenye mawazo. Mwanzoni niliogopa wasije wakaniambia niandike. Hawakuniambia. Woga ukapungua, kiburi kikaingia mahali pake, nikaanza kupenda kuitwa hivyo hata pasipo na kizuizi. Nikawa nasafisha koo kabla ya kuzungumza. Nikaanza kuwasahihisha watu Kifaransa chao, mimi ambaye Kifaransa changu kiliishia *bonjour*. Nikiikumbuka sauti yangu ya siku zile, masikio yananiwaka moto.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Kazimia.

Ilikuwa mchana. Mapigano yalikuwa yamekaribia vilima vya juu, na watu wa mashamba walikuwa wakiteremka ufukoni na mikeka, kuku na watoto. Boti moja kubwa ilikuwa inapakia kwenda Kigoma. Mimi nilikuwa nimesimama kando na gunia zangu, nikingoja nione kama upande wa Baraka bado unapitika. Akina mama wa kwetu siku zile walikuwa na desturi waliyoletewa na vita. Mtoto, kabla hajapanda boti, aliandikwa mkononi jina lake, jina la baba yake na jina la kijiji, kwa sababu ng'ambo watu walishuka kwa kusukumana, na mtoto mdogo alipotea kama sindano mchangani. Mwandishi wao alikuwa katekista. Siku hiyo katekista alikuwa ameshavuka na boti ya asubuhi, akiwasindikiza wagonjwa.

Mama mmoja alikuja kwangu moja kwa moja. Alikuwa mkulima wa milimani, miguu ina tope jekundu mpaka magotini, na mgongoni alikuwa na mtoto wa kike ambaye bado hakujua kutaja hata baba yake ni nani. Nyuma yake alisimama bibi mmoja, jirani yao. Bibi ndiye angevuka na mtoto. Mama mwenyewe alikuwa anarudi mlimani, kwa sababu wanawe wakubwa walikuwa wamebaki upande wa pili wa shamba milio ya bunduki ilipoanza.

"Mwalimu," aliniambia, "uniandikie mutoto ku mukono." Akanitajia jina la mtoto, la marehemu baba yake, na la kijiji, polepole, kama mtu anayempa mwandishi nafasi ya kuandika. "Nikifika kule, nimupate."

Nilimdanganya. "Stilo imekauka, mama."

"Lete nione."

Hakungoja nimpe. Aliichomoa kifuani mwangu, akaikwaruza kiganjani mwake. Kilikuwa kiganja cha jembe, kigumu, kimelowa jasho. Mstari wa buluu ulitoka mnene, bila kukatika hata mahali pamoja. Kalamu ile nilikuwa nimeichagua mwenyewe.

"Iko naandika," alisema kwa mshangao. Wanawake waliokuwa karibu waligeuka. "Mwalimu, iko naandika muzuri."

Nilitazama mchanga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na gunia zangu. Mwenye boti alikuwa anapiga kelele kwamba nafasi zimebaki chache. Mama aliniangalia usoni, na niliona wakati ule ule alipoelewa. Nikangoja matusi. Nilijua ni haki yake, maana kwa muda alioupoteza kwangu angeweza kumtafuta mtu anayejua kuandika. Lakini yeye aliinama kama anayemfungua mtoto kitenge, akaniuliza kwa sauti ya chini niisikie mimi peke yangu.

"Hizi gunia ni za nani?"

"Ni zangu."

"Na hii alama, nani aliiweka?"

"Ni mi mwenyewe."

"Bantu ba ku ziwa banaijua?"

"Bote banaijua, mama."

"Basi weka hiyo. Kule batasema ni ya wewe. Mi nikirudia, nitakutafuta wewe, na we utauliza bale bavuvi mutoto iko wapi."

Nilipiga goti nikaushika mkono wa mtoto. Nilichora mistari miwili, nikaweka ndoano chini yake. Kalamu ilimtekenya, akacheka. Jina lake nilikuwa nalo masikioni, na la baba yake, na la kijiji, yote matatu, na sikuweza kulishusha hata moja likafika kwenye vidole. Nilimtia mtoto wa watu alama kama gunia la ndagala.

Kalamu nilimpa bibi. "Ikianza kufutika, urudilie," nilimwambia, na sikuthubutu kumwangalia.

Hapo mama akasimama wima, akasema kwa sauti kubwa, wale waliogeuka wote wasikie: "Aksanti sana, mwalimu. Umeandika muzuri."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mama yule, dakika chache alizobaki nazo na mtoto wake, alizitumia pia kuifunika yangu. Tusi ningelisahau. Boti ilisukumwa, akaitazama mpaka ilipoipita mitumbwi iliyofungwa, kisha akafunga kitenge kiunoni akashika njia ya mlimani.

Hakurudi. Nilimngoja Kazimia mpaka ndagala zikaanza kunuka, na baadaye kila nilipopita pale niliuliza. Waliotoka upande ule walisema kijiji hakipo tena, na wanawe hakuna aliyewaona. Sikujua niulize nini zaidi, na wavuvi sikuthubutu kuwauliza habari za mtoto. Tangu siku ile sikubeba tena kalamu. Vizuizini nilibebeshwa mizigo pamoja na vijana wengine, na nilipoumia sikulalamika. Lakini watu wa soko walikuwa wamezoea. Waliendelea kuniita mwalimu, nami niliitika kwa sababu sikuwa na moyo wa kuwaeleza.

Miaka ilipita. Vita vilikuwa havijaisha sawasawa, ila watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja kuchungulia kama nyumba zao bado zina kuta. Asubuhi moja Baraka, nikiwa nimekaa juu ya mzigo wangu, bibi mzee alisimama mbele ya gunia, akaitazama alama, akanitazama mimi. Nilimtambua kabla hajasema kitu. Tulisalimiana, nikampa kigoda. Alifungua pembe ya kitenge chake, mahali ambapo wanawake hufunga pesa, akatoa kalamu. Ndani ya ule mwili unaoonyesha hapakuwa na hata tone.

"Iliisha," alisema. "Lakini ilitumika, mwanangu. Ilitumika mpaka mwisho."

Akanieleza. Siku waliposhuka ng'ambo, watu waliwasukuma, yeye akaanguka, mtoto akachukuliwa na wimbi la watu. Alimtafuta akilia mpaka jioni. Wavuvi fulani ndio waliomleta. Walikuwa wameuona mkono, wakasema huyu ni wa mwalimu, yule wa ndagala, wakamtembeza kwa watu wote waliotoka Kazimia mpaka wakampata bibi.

"Alama ilimuokoa," alisema. "Kisha mama yake hakukuja. Tulingoja, hakukuja. Mutoto akaanza kuuliza, hii ni ya nani? Nilimuona hana baba, hana mama. Nikamwambia ni ya baba yako. Baba yako ni mwalimu, iko Baraka." Akafunga tena pembe ya kitenge. "Unisamehe. Nilikosa ya kumuambia."

Nilisema hakuna cha kusamehe. Nilitaka kumuuliza kama amekua, anafanana na nani, anakula nini, lakini nilibaki nikiigeuza kalamu mkononi.

"Kila asubuhi alitaka nimurudilie. Kisha akajua kujichorea yeye mwenyewe. Ndiyo maana stilo iliisha. Sasa iko ku masomo kule ku kambi ya wakimbizi, anajua kusoma, anajua kuandika." Bibi aliitazama ile kalamu tupu mkononi mwangu. "Kuko neno moja alinituma. Anasema: baba ni mwalimu, juu ya nini haniandikii?"

Soko lilikuwa linaendelea na kelele zake. Mtu alinishika bega akauliza bei ya ndagala, nikamtajia bei ambayo haikuwa yake, akachukua haraka akaenda. Bibi, kwa kuniletea hiyo kwa nini ya mtoto, hakuwa amenichoma kwa makusudi. Yeye alidhani mpaka siku hiyo kwamba nilichora alama kwa sababu ya haraka ya boti.

"Unarudi lini?" nilimuuliza.

"Boti ya kesho."

Niliacha mzigo kwa jirani nikaenda kwenye meza ya mama anayeuza sabuni, chumvi na stilo. Alifurahi kuniona. "Mwalimu, umepotea! Uchague." Nilichagua kama zamani, kishikio, mwili, ncha. Alinisogezea karatasi nijaribu, nami nikasahau kukataa. Nilichora mistari miwili na ndoano, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho mkono wangu ulijua kukimaliza. "Hii ni nini sasa?" aliuliza akicheka. Nilikunja karatasi nikaiweka mfukoni. Nilinunua kalamu mbili zinazofanana.

Moja nilimpa bibi, imefungwa ndani ya ile karatasi yenye alama. Alingoja kidogo, akitazama mikono yangu, akidhani kuna barua itakayofuata. Nilimwambia amwambie mtoto kwamba barua inakuja, ila itachelewa.

Ya pili niliichomeka kifuani, na jioni nikaenda nayo nyuma ya kanisa. Katekista yule wa Kazimia alikuwa amerudi, na pale, kwenye mabenchi ya watoto, alikuwa akiwafundisha akina mama kusoma. Wengi wao walinijua. Ni wale wale niliowachagulia stilo za watoto wao. Nilisimama mlangoni mpaka katekista akaniona, uso wake ukafunguka.

"Karibu, mwalimu!" alisema. "Umekuja kutusaidia?"

Akina mama wote waligeuka. Ningeweza kusema ndiyo, nikaketi mbele, nikasafisha koo.

"Hapana," nilisema. "Sijui kuandika. Nimekuja kujifunza."

Kisha mmoja alicheka, wakafuata wengine, wakacheka sana, na mimi nikabaki nimesimama mpaka walipochoka. Mama mmoja wa benchi la nyuma alijisogeza akanipa nafasi. Katekista aliniuliza kama nataka tuanze na jina langu, kama wanavyoanza wote. Nilimwambia langu lingoje, tuanze na jina la mtoto.